Mama Kisonono wa Likasi

Pale Likasi, ukimwita Émérence "Mama Kisonono", anaitika. Wapo waliomwita hivyo kwa kumtukana, sokoni, mbele za watu, wakitegemea atainamisha kichwa. Wapi! Anageuka, anakutazama kuanzia viatu hadi nywele, anakuuliza: "Naam, umeleta yako ao ya mwenzako?" Hapo mwenye kutukana ndiye anayetafuta njia ya kupita.

Jina hilo hakuliokota jalalani. Alilipata akiwa bado msichana wa masomo, kwa ajili ya asubuhi moja aliyokaa ndani ya kaburi la mtu mwingine, miguu imejaa udongo mwekundu, watu wote juu wanamwambia toka, naye hatoki ng'o.

Baba yake alikuwa mfanyakazi wa kiwanda cha shaba Shituru, na Émérence alikulia kwenye nyumba za kampuni, zile zilizofanana mpaka mlevi akaingia kwa jirani, akavua viatu, akaomba chakula. Kwao ni ukoo wa Mbuzi. Hilo la ukoo liweke kichwani, maana bila hilo hatufiki popote. Watu wa Mbuzi na watu wa Chui ni watani tangu enzi za mababu. Mbuzi anaweza kumtukana Chui mchana kweupe, akamvua kofia, akamlia chakula chake, na Chui hana ruhusa ya kukasirika. Kwenye msiba ndiyo kabisa. Mtani ndiye anayechimba kaburi, ndiye anayevaa nguo za marehemu na kumwigiza, na akitaka anaingia kaburini na kukaa humo mpaka wenye msiba wampe anachodai. Wakimtoa kwa nguvu, aibu ni yao, na marehemu atahesabiwa hakuzikwa vizuri.

Ilikuwa ile miaka Katanga ilipojitenga na Kongo. Bendera mpya yenye misalaba midogo ya shaba ilipandishwa shuleni kila asubuhi, magendarme, askari wa Katanga, walisimama njia panda wakidai vitambulisho, na ndege za ONU, yaani Umoja wa Mataifa, zikipita watu waliacha sufuria jikoni wakakimbilia nje kutazama. Kutembea usiku kulipigwa marufuku. Basi vijana wa masomo, ambao sijasikia serikali iliyowaweza kwa dansi, wakahamisha dansi yenyewe. Jumamosi mchana, jua linawaka, mapazia yamefungwa ili ndani pafanane na usiku.

Na kwenye dansi hiyo ndipo ujinga ulipozaliwa, ujinga wa watu waliosoma, ambao ndio mbaya zaidi.

Kila aliyekulia upande ule aliijua sindano ya malale, ule ugonjwa wa usingizi. Watu wa serikali wanakuja, kijiji kizima kinapangwa mstari, wazee kwa watoto, wazima kwa wagonjwa. Unachomwa takoni, unachechemea kurudi nyumbani, na unaambiwa kwa miezi mingi malale haitakupata. Ndivyo walivyojua tangu utotoni, kwamba sindano anachomwa mtu mzima ili asiugue. Sasa vijana wa shule ya walimu waliposikia kwamba penisilini inatibu kisonono, akili zao zikaruka pale pale. Kumbe ukichomwa mapema, hakikupati! Wakaiita chanjo ya Jumamosi. Kabla ya dansi wanajipanga nyuma ya jengo la kufulia la shule yao, suruali magotini, na Placide, mwanafunzi wa uuguzi mwenye mikono myepesi, anawachoma mmoja mmoja. Chupa moja anaigawa kwa kundi zima, kila mtu na tone lake. Halafu wanaingia ndani wananukia marashi, na msichana akisitasita wanamwambia: "Usiogope, minye nimechanjwa."

Wasichana waliamini. Kwa nini wasiamini? Na wao walikuwa wamepanga mstari wa malale.

Émérence, aliyekuwa mwaka wa mwisho kwenye shule ya uuguzi, alipopata habari hizo alipandwa na hasira mpaka bukari, ugali wake, ikampoa sahanini. Alikwenda mwenyewe nyuma ya jengo la kufulia, mchana ule ule, akawakuta kwenye mstari wao.

"Ninyi batoto ya masomo," akasema, "muko na kichwa ao muko na boga? Hii dawa haichanji. Inatibu mwenye kuwa mugonjwa, na anapata yote, hapana tone, na mwenzake anapata pia. Hiyo tone yenu inanyamazisha maumivu tu. Ugonjwa inabaki mu mwili, inakula, na munaipeleka kwa mabinti ya bantu."

Wakacheka, tena wakishikilia suruali. Aliyecheka zaidi ni Georges, kijana wa shule ya walimu, mrefu, mcheza dansi hodari kuliko wote, na Chui wa damu. Yeye na Émérence walikuwa wakitaniana tangu wakiwa watoto Shituru.

"Mbuzi analia," Georges akasema. "Mbuzi, weye enda kula majani."

Émérence akamvua kofia, akaivaa yeye. "Siku utakufa, Chui, minye njo nitaingia mu kaburi yako. Na nitaomba kitu kikubwa."

"Kitu gani? Baba yangu hana kitu."

"Nitajua siku ile."

Wakacheka wote wawili, na kofia akamrudishia. Kwa watani maneno ya namna hiyo si mkosi, ni salamu.

Utauliza, wagonjwa kwa nini hawakwenda dispensari wakatibiwa kama watu? Kwa sababu ya sheria ya shule, ndiyo maana. Mwanafunzi akionekana na ugonjwa wa namna hiyo, jina lake linasomwa chini ya bendera mbele ya wote, na kabla ya saa sita yuko barabarani na sanduku lake. Aliyeumwa kichwa alipewa kidonge, aliyeumwa kisonono alipewa njia. Na Ma Sœur Directrice, mkuu wa shule ya uuguzi, alifundisha somo la maadili saa nzima kila wiki, usafi wa roho, heshima ya mwili, mwili ni hekalu, bila kuutaja ugonjwa hata mmoja kwa jina lake. Siku moja Émérence alinyoosha mkono akauliza hilo hekalu likiingiwa na kisonono linatibiwaje. Somo lote lililobaki alilisikiliza akiwa nje ya dirisha.

Basi ikafika Jumamosi nyingine. Émérence alikuwa zamu wodini, muziki wa dansi unasikika kwa mbali, mara muziki ukakatika. Haukupita muda vijana wakaingia mbio wamembeba Georges juu ya benchi. Midomo imevimba, macho yamefumba kwa uvimbe, mwili wote umetoka mabaka kama aliyelala juu ya siafu, na pumzi inapiga filimbi. Daktari alifanya aliyoyaweza. Émérence alishika mkono wa Georges na kumwambia vuta, Chui, vuta pumzi, weye mjinga, vuta. Jua halijazama, Georges akawa amekufa.

Hospitali ikasema moyo umesimama. Sawa, moyo wa nani hausimami akifa?

Placide alikuwa mlangoni, uso umemkauka. Émérence akamkamata shati, akamburuta mpaka chumba cha mashuka, akafunga mlango kwa mgongo wake.

"Sema."

"Nimemuchoma," Placide akasema. "Kiloko tu, tone yake kama siku zote, juu alikuwa na kisonono na anaogopa dispensari. Akasema mudomo inamuwasha, akacheka, kisha akaanguka." Akaanza kulia. "Ile wiki ingine alijikuna mwili muzima, nikamwambia hapana kitu. Émérence, nakuomba. Wakijua watanitupa Buluo."

Buluo ni gereza, na watu walilitaja jina lake kwa kunong'ona.

"Mu Buluo bantu wanatoka," Émérence akamwambia. "Georges hatatoka." Lakini alipoona mwenzake anavyolia, huruma ilimpata, akamwacha aende. Usiku huo alijilaumu kwa huruma hiyo.

Maana kesho yake, Jumapili, msiba ukiwa umetandikwa nyumbani kwa baba yake Georges kule Shituru, watu walianza kutafuta mwenye kosa, na wakampata Claire.

Claire alikuwa mwanafunzi wa uuguzi wa mwaka wa kwanza, mtoto mpole asiyejua kujibu, na alikuwa mpenzi wa Georges. Jumamosi ile saa sita alimpelekea Georges bukari na samaki kwenye bakuli lililofunikwa kitambaa. Watu walimwona. Shangazi yake Georges, Mama Gertrude, mwanamke mwenye sauti ya kuamsha mtaa, alisimama katikati ya wanawake walioketi mikekani akauliza: "Alikula chakula ya nani? Mudomo inavimba yenyewe? Muntu wa miaka yake anakufa na moyo?" Kila swali wanawake waliitikia kwa kilio, na ilipofika la mwisho Claire alikuwa tayari ni mchawi. Ikaamuliwa kwamba baada ya mazishi atapelekwa kijijini kwa mtu wa mwavi, ile sumu ya kupimia wachawi. Atanywa. Akitapika, hana hatia. Asipotapika, amekufa na hatia yake, na kesi imekwisha.

Émérence alikwenda kwa Mama Gertrude kwa heshima, akapiga magoti, akamweleza sikioni ile sindano na ule ugonjwa. Jibu lilikuwa kofi.

"Unamutukana mutoto wetu na hata hajalala mu udongo!"

Claire walikuwa wamemkalisha peke yake nyuma ya nyumba, kwenye jua, hana kitambaa kichwani, na hakuna aliyempa maji. Émérence alimpelekea kikombe, na shavu lake bado linawaka.

"Yaya," Claire akanong'ona, kama anayemwita dada yake mkubwa, "minye niko na maumivu ya tumbo hapa chini, siku mingi sasa. Na ingine mambo... Georges alisema amechanjwa."

"Na hukusema kwa muntu?"

"Nikisema, masomo wananifukuza. Nisiposema, hawa wananinywesha."

Émérence alimfunga kichwa kwa kitambaa chake mwenyewe, akatoka pale, akaenda moja kwa moja kwa Ma Sœur Directrice. Akamwambia yote. Akamwambia, mtoto wako wa shule atauawa, nawe ukija kesho mazishini ukasema neno moja, hawatamgusa, maana wewe wanakuogopa.

Ma Sœur hakuwa mtu mbaya, niseme kweli. Alikuwa mtu mwoga aliyezoea kuita uoga wake adabu. Akasema atawaarifu wenye mamlaka kuhusu msichana huyo, lakini mamlaka gani, mama wee, wakati magendarme wenyewe walikuwa wakichimba mahandaki? Akasema jina la shule halitaburutwa kwenye uchafu. "Na wewe Émérence, umebakiza kidogo sana umalize. Ukilisema neno hilo mbele ya watu, usirudi darasani. Rudi kuchukua sanduku lako."

"Neno gani, Ma Sœur?"

Ma Sœur akawa mwekundu mpaka masikioni, na hakulitaja.

"Basi," Émérence akasema. "Nimekusikia."

Jumatatu asubuhi makaburi yalijaa. Wanafunzi wa shule zote mbili walikuja na sare zao, masista walisimama pembeni na miavuli, na magendarme wawili langoni, kwa kuwa mkusanyiko wowote ulihitaji ruhusa. Claire aliletwa kati ya wanawake wawili waliomshika viwiko. Walimweka mbali na kaburi na kumwambia asithubutu kuugusa udongo wake.

Watani, watu wa Mbuzi, walikuwa wameshachimba tangu alfajiri. Émérence alikuja amevaa koti la Georges na kofia yake imelalia jicho moja. Akacheza kama Georges alivyocheza, bega juu, goti ndani, akamrushia kila msichana busu, mpaka hata mama zake Georges waliokuwa wakilia wakaangua kicheko, machozi na kamasi pamoja. Ndiyo kazi ya mtani. Halafu, jeneza lilipoletwa ukingoni, akaruka ndani ya kaburi, akakaa chini, akakunja miguu.

Watu wakacheka tena. Walilitegemea.

Baba yake Georges, mzee Ambroise, akasogea. Alikuwa mtu wa reli ya kiwanda, mrefu kama mwanawe, na tangu Jumamosi hakuna aliyemsikia akilia wala akisema zaidi ya neno moja. Akauliza kama desturi inavyotaka: "Ee Mbuzi, unataka nini utoke mu nyumba ya mutoto wangu?"

"Leta kwanza nione."

Wakaleta kuku. Akamkataa, akasema amekonda kama Chui wenyewe. Kicheko. Wakaleta kitenge kipya. Akakirudisha juu.

"Tata Chui, baba yetu," akasema, "nataka kitu kimoja. Sema mbele ya bantu, mutoto wako alikufa na nini."

"Alikufa na moyo."

"Hapana."

Minong'ono ikaanza. Émérence akasimama humo kaburini, kichwa tu kinaonekana na ile kofia, akaongea kwa sauti ya Georges: "Minye Chui mukubwa! Kisonono haiwezi kunipata, nimechanjwa! Placide, leta sindano, dansi inaanza!" Akajifanya anashikilia suruali, akachechemea hatua mbili, maana kaburi halikuwa na nafasi ya zaidi. Wanafunzi wakapasuka kicheko. Kisha mmoja akanyamaza, na mwingine, na ukimya ukatembea kwenye sare zile zote.

Lakini Mama Gertrude alikuwa macho. "Ni utani!" akapaza sauti. "Mutani anasema yote, hata uongo! Mumupe kuku atoke!" Na watu wakapumua, wakasema ndiyo, ni utani, ni utani tu.

Hapo Émérence aliona kosa lake. Desturi iliyompa ruhusa ya kusema ndiyo hiyo hiyo iliyowapa wao ruhusa ya kutosikia. Alihisi baridi ya udongo kwenye nyayo. Juu kule, kupitia miguu ya watu, aliona kitambaa chake mwenyewe kichwani mwa Claire.

Akavua kofia. Akavua koti, akalikunja vizuri, akaviweka vyote ukingoni, miguuni mwa mzee Ambroise.

"Georges amemaliza kuongea," akasema. "Sasa ni Émérence. Utani umekwisha. Tata, mutoto wako hakulishwa sumu. Alikuwa na kisonono. Alikuwa anaogopa kwenda kwa daktari juu ya masomo inafukuza wagonjwa kama mbwa. Akachomwa sindano nyuma ya jengo la kufulia, na mwili wake ilikataa ile dawa. Midomo ilivimba juu ya ile sindano. Minye njo nilimushika mukono akikufa. Na pale nyuma muko na mutoto mwingine munataka kumuua, na hajafanya kitu, alimupikia samaki."

"Émérence!" Ni Ma Sœur, kutoka chini ya mwavuli. "Toka humo mara moja!"

"Sanduku langu liko tayari, Ma Sœur. Nililifunga jana mwenyewe."

Akawageukia wenye sare. "Kisonono! Mulisikia? Ni ugonjwa, hapana tusi. Aliyekuwa mu mustari Jumamosi aseme ndiyo, sindano ilikuwa. Siwaombi muvue suruali hapa. Naomba sauti tu."

Hakuna aliyesema. Vijana walitazama viatu vyao. Émérence akakaa tena chini, mgongo kwenye ukuta wa udongo. "Basi nitakaa."

Akakaa. Jua likapanda. Wabeba jeneza wakaliweka chini, mikono imechoka. Gendarme mmoja akaja kutoka langoni akiwa na bunduki yake, akasema mkusanyiko umezidi muda, mwanamke huyo atolewe. Mzee Ambroise hata hakugeuka. "Ngoja, chef. Hii ni kazi ya mutani." Na gendarme, ambaye naye alikuwa na kwao na watani wake, akangoja. Kule chini Émérence alikuwa akilia sasa, hakujificha, maana hofu yote iliyokuwa imekaa nyuma ya hasira ilikuwa imemfikia. Alimlilia Claire, na shule yake, na yule mjinga ndani ya jeneza, ambaye yeye hangemvua kofia tena.

"Ni minye."

Placide alikuwa ametoka kwenye mstari wa wanafunzi. Alitembea kama mtu aliyevaa viatu vya mwingine, akafika ukingoni, akaanguka magoti. "Ni minye nilimuchoma, tata. Yeye na wengine. Yote amesema ni kweli."

Mama Gertrude alimrukia na kanga yake mkononi. Mzee Ambroise akanyoosha mkono mmoja tu, akamzuia dada yake. Halafu akabaki amesimama, anamtazama Placide, anatazama jeneza.

"Tata Chui," Émérence akasema kutoka chini, taratibu. "Bei yangu ni ile ile."

Mzee akavua kofia.

"Mutoto wangu Georges," akasema, akaanza upya kwa nguvu, ili wa mwisho kule langoni asikie, "mutoto wangu Georges alikuwa na kisonono. Aliona haya kuniambia minye baba yake. Alichomwa sindano ya kujificha, na sindano ikamuua. Hakuna muntu alimulisha sumu. Muntu atakayesema ingine, anatukana kaburi ya mutoto wangu."

Akapiga goti, akampa Émérence mkono, akamvuta juu. Kisha akauliza: "Iko wapi ule mutoto?"

Wanawake wawili waliachia viwiko vya Claire kama vimewaunguza. Akaja peke yake, watu wakipisha. Jeneza likashushwa, na mzee akamwonyesha udongo. "Tupa. Alikuwa wako pia." Claire akachota kwa mikono miwili, akatupa. Alipotaka kurudi nyuma, mzee akamshika bega na kumuuliza, kwa sauti ile ile kubwa:

"Na weye, mutoto, uko na ile ugonjwa?"

Claire alimtazama Émérence. Alimtazama Ma Sœur chini ya mwavuli wake. Yule mtoto asiyejua kujibu.

"Ndiyo, tata. Niko nayo."

"Umepata dawa?"

"Hapana."

"Kesho asubuhi nitakupeleka minye. Mwenye kucheka, acheke mbele ya macho yangu."

Placide magendarme walimchukua palepale, na Buluo alikaa, na akatoka. Émérence alifukuzwa jioni ile ile. Masomo aliyamalizia baadaye, mahali pengine, bendera zilipokuwa zimeshabadilika, na hiyo ni habari ndefu.

Lakini Jumanne asubuhi alikuwa nje ya dispensari, ameketi juu ya sanduku lake, kwa sababu alitaka kuona. Mzee Ambroise akatokea upande wa Shituru kwa miguu, katikati ya barabara, suti yake ya msiba bado mwilini, na Claire pembeni yake. Wakampita Émérence, mzee akamgusia kofia, wakaingia. Nyuma yao, kwa mbali, walikuja vijana wa shule ya walimu, wawili, watatu, kundi, wakijifanya wanakwenda mahali pengine. Walipofika langoni wakasimama, kila mmoja anamsukuma mwenzake atangulie. Mmoja, ili wenzake wasione hofu yake, akapiga kelele: "Eh, Mama Kisonono!"

Wengine wakacheka. Émérence akainuka kwenye sanduku, akajikung'uta sketi.

"Naam," akasema. "Haya, pangeni mustari."